Nyumba ya Wazee na Kanuni Zake

Keti vizuri, soma polepole, na jicho likichoka mwombe mwenzako akusomee.

Somo letu la leo ni la historia. Lakini si historia ya vita wala ya wafalme. Ni historia ya jambo tunaloliona kila siku: mahali pa wazee pa kukaa pamoja, na kanuni za kupatumia mahali hapo.

Nitaanza na jambo nililoliona mwenyewe. Siku moja nilifika katika kijiji kimoja cha pwani ya Ziwa Nyasa, si mbali na Bandari ya Itungi. Wanakijiji walikuwa wamejenga nyumba ya wazee, nzuri, ya matofali ya kuchoma na bati. Ndani mlikuwa na wazee wanne wakicheza bao. Nje, juani, alikaa bibi mmoja juu ya ngazi, na fimbo yake mapajani. Nikamwamkia, kisha nikamwuliza, "Bibi, mbona huingii kivulini?" Akanijibu, "Mwanangu, mlangoni pana karatasi. Sijui inasema nini. Nikaona heri nikae hapa, nisije nikafukuzwa."

Nikaisoma karatasi. Ilikuwa na kanuni kumi na nne, na kila moja ilianza kwa neno "Marufuku". Hapakuwa na hata moja iliyomkataza bibi yule kuingia. Lakini hakuna aliyemsomea.

Basi, tuulize maswali matatu. Kanuni za mahali pa watu wote hutungwa na nani? Hutungwa kwa faida ya nani? Na wenye kuzifuata huzijuaje? Historia ya nchi yetu ina majibu mengi, mengine mazuri na mengine mabaya.

VIJIJI VYA RIKA

Tuanze hapa petu Unyakyusa. Kati ya mwaka 1934 na 1938 wataalamu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walikaa katika nchi hii wakichunguza desturi zake. Wakati ule Kyela ilikuwa ingali sehemu ya Wilaya ya Rungwe, ambayo boma lake lilikuwa Tukuyu. Mwaka 1951 Monica Wilson alitoa kitabu juu ya jambo lililowastaajabisha sana: vijiji vya rika.

Desturi ilikuwa hivi. Mvulana alipofika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, aliacha kulala nyumbani kwa baba yake. Yeye na wenzake wa umri wake walijenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha wazazi. Kula, walikwenda kwa mama zao kwa zamu, kundi zima. Kulima, walilima mashamba ya baba zao. Walikua pamoja, wakaoa, wakaleta wake zao pale pale, wakazeeka pamoja. Kijiji cha wavulana kikawa kijiji cha wanaume, na mwishowe kikawa kijiji cha wazee.

Jambo walilolithamini sana waliliita ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa furaha: kula pamoja, kunywa pamoja, kuzungumza na kushauriana. Mtu hakuhesabiwa kuwa mtu kamili kama hakujua kukaa na wenzake.

Je, ukwangala ulikuwa na kanuni? Naam, tena kali. Mke wa kijana hakuruhusiwa kuonana na baba mkwe wake. Akimwona njiani alijificha. Kwa hiyo ilikuwa lazima makao ya wazee na makao ya vijana yatengwe. Mchoyo aliyekula peke yake alisemwa na majirani, na watu waliamini kwamba manung'uniko hayo, waliyoyaita pumzi ya watu, yaweza kumtia mtu ugonjwa. Na mara moja katika kila kizazi ilifanywa sherehe ya ubusoka. Siku hizo wazee waliwakabidhi vijana utawala wa nchi, wakajitenga pembeni, na vijana wakapata ardhi na madaraka.

Angalia, msomaji. Kanuni hizo hazikuandikwa mahali popote, lakini kila mtu alizijua, kwa kuwa alikua ndani yake. Hilo ni jambo jema. Lakini tusiseme kwamba zamani mambo yote yalikuwa sawa. Ukwangala ulikuwa hasa starehe ya wanaume. Mwanamke alihamia kijiji cha mumewe, na hakuwa na rika la kujenga nalo kijiji. Kanuni nyingi zilimhusu yeye, wala hakuulizwa.

Halafu mambo yakabadilika. Vijana walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, na wengine walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Milimani watu walipanda kahawa, na huku bondeni mpunga wa kuuza. Ardhi ikawa haba, na kila mtu akataka kumrithisha mwanawe shamba lake. Vijiji vya rika vikafifia. Wazee walibaki, lakini mahali pao pa kukaa pamoja pakapungua.

NYUMBA ZA USTAWI WA JAMII

Vita Kuu ya Pili ilikwisha mwaka 1945. Makumi ya maelfu ya askari wa Tanganyika walirudi makwao kutoka Bara Hindi, Burma na kwingineko. Serikali ya kikoloni iliogopa kwamba watu hawa waliouona ulimwengu hawatatulia. Basi ikajenga katika miji mbalimbali nyumba za ustawi wa jamii. Mle mlikuwa na magazeti, redio, michezo, vinywaji, na mafunzo ya kusoma na kuandika.

Nia iliyotangazwa ilikuwa kwamba nyumba hizo ziwe za watu wote. Lakini haikuwa hivyo. Walioingia zaidi walikuwa makarani na walimu, yaani watu wachache waliokwisha kusoma. Mkulima na mchukuzi walipita njia, wakatazama, wakaenda zao. Kwa nini? Kwa sababu nyumba ile haikuwa yao. Waliopanga matumizi yake walikuwa maofisa, na mwananchi aliletewa kitu kilichokwisha kukatwa na kushonwa, akaambiwa avae.

Kumbuka jambo hili. Mlango waweza kuwa wazi mchana kutwa, na bado watu wasiingie.

UKUMBI WA ARNAUTOGLU

Sasa twende Dar es Salaam. Huko Mnazi Mmoja, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ulijengwa ukumbi wa wananchi kwa msaada wa Bwana Arnautoglu, mkulima wa mkonge mwenye asili ya Kigiriki. Ukumbi huo ukaitwa kwa jina lake.

Mwezi wa Aprili 1953 chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, kilifanya uchaguzi katika ukumbi huo. Aliyechaguliwa kuwa rais wa chama ni mwalimu wa shule ya Pugu, Julius Nyerere. Tarehe 7 Julai mwaka 1954 TAA ikageuzwa kuwa TANU. Basi waona: nyumba iliyojengwa kwa ajili ya burudani na mafunzo ilitumiwa na wananchi kwa jambo kubwa kuliko walivyofikiri walioijenga.

Lakini mwezi wa Agosti mwaka ule ule wa 1953 serikali ilitoa waraka uliowakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Wakati huo wengi wa Waafrika waliosoma walikuwa watumishi wa serikali. Kanuni ile haikuufunga mlango wa ukumbi wowote. Iliwafunga watu.

Hapa tunajifunza kwamba kanuni yaweza kulinda nyumba, na yaweza pia kuwanyamazisha wenye nyumba. Ukisomewa kanuni, uliza: inalinda nini?

BAADA YA UHURU

Tulipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Watu walisoma chini ya miembe, makanisani, misikitini, na katika majengo waliyojenga kwa kujitolea. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67; mwaka 1975 walikuwa wamepungua mpaka asilimia 39. Wale waliosoma miaka hiyo, walio hai, leo ndio wazee wetu.

Mwaka 2003 Tanzania ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee, inayomhesabu mtu mwenye miaka 60 na zaidi kuwa mzee. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kumlipa pensheni kila mzee aliyetimiza miaka 70, hata kama hakupata kuajiriwa maisha yake yote. Haya ni mambo makubwa. Lakini hakuna sera iwezayo kukaa mlangoni pa nyumba ya kijiji na kumwambia bibi, "Karibu ndani." Kazi hiyo ni yetu.

KUTUNGA KANUNI

Tuseme kijiji chako kina nyumba ya wazee. Nani aitumie, na kwa kazi gani? Huku kwetu maswali ni mengi. Masika mito ya Kiwira na Songwe ikifurika, waliohama maji walale wapi? Abiria anayengoja meli Itungi akiomba pa kulala, apewe? Wenye arusi wakitaka ukumbi, walipe? Mtu akitaka kuweka magunia yake ya mpunga au kakao, akubaliwe? Chama cha siasa kikiomba, na kingine kikiomba kesho yake, je?

Nakushauri mambo matano.

Kwanza, andikeni mapema kwamba nyumba ni ya wazee, na shughuli nyingine zifuate baada ya zao. Saa na siku za wazee zitajwe, wala zisiuzwe kwa mwenye arusi.

Pili, waulizeni watakaoitumia, wanawake kwa wanaume. Kama wapo wakwe wasiopenda kukutana, pangeni siku au vyumba. Desturi ya mtu si jambo la kuchekwa.

Tatu, mgeni wa kawaida na mtu wa mafuriko wasipimwe kwa kipimo kimoja. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini aliyepoteza nyumba yake kwa maji si mgeni. Ni jirani aliye taabuni.

Nne, lipo jambo la fedha na ufunguo. Ada ya ukumbi ijulikane, iwe moja kwa wote, na iandikwe katika daftari. Ufunguo usikae kwa mtu mmoja tu. Chama kimoja kikikubaliwa, na kingine kikubaliwe kwa masharti yale yale.

Tano, jueni tofauti kati ya kanuni za nyumba na sheria ndogo ya kijiji. Kanuni za nyumba ni mapatano ya watumiaji. Lakini mkitaka anayezivunja aadhibiwe kwa nguvu ya sheria, iko njia yake. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji huandaa sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji huijadili, kisha hupelekwa kwa halmashauri ya wilaya ili ikubaliwe. Katika mkutano mkuu kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ana haki ya kukaa na kusema. Mtu asikubandikie karatasi mlangoni akaiita sheria.

Sasa turudi kwa bibi yetu. Katibu wa nyumba ile, kijana mwema, alikuja. Akasema, "Bibi, nisamehe. Tuliandika vile kwa hasira. Katika arusi moja viti sita vilivunjwa, na sahani zikapotea." Kweli, naye alikuwa na haki. Nyumba isiyo na kanuni haidumu.

Wazee wakaitana pale pale. Wakaipitia karatasi, neno kwa neno. Kanuni kumi na nne zikabaki saba. Walipokwisha, mzee mmoja akamwuliza bibi kama ana la kuongeza. Bibi akafikiri kidogo, akasema, "Ongezeni hili. Kila mwanzo wa mwezi karatasi isomwe kwa sauti, na asomaye awe mtu mwingine kila mara. Nami nitasoma zamu yangu, nikijua."

Ikawa kanuni ya nane. Nilipoondoka bibi alikuwa ndani, kivulini, akitazama bao.

Penye wazee haliharibiki neno. Lakini kwanza wazee wawepo, tena ndani. Kwaherini mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika vijiji vya rika, watu walizijuaje kanuni zao bila kuandika?
2. Kwa nini wakulima hawakuingia sana katika nyumba za ustawi wa jamii?
3. Sheria ndogo ya kijiji hupita hatua gani kabla ya kutumika?
4. Andika kanuni tatu za nyumba ya wazee ya kijiji chako. Moja isianze kwa neno "Marufuku". Kisha msomee jirani asiyejua kusoma, umwulize maoni yake.