Fahirisi za Vitabu, na Akiba ya Habari za Pwani ya Tanga

Wasomaji wetu, wengi wetu tukifungua kitabu twatazama kurasa za mwanzo tu, pale palipoandikwa yaliyomo, kisha twaanza kusoma. Kurasa za mwisho, zenye majina mengi na tarakimu, twaziacha kama maganda. Tena vitabu vingi vya lugha yetu havina kurasa hizo kabisa, wala hatuoni kwamba tumepungukiwa na kitu. Kurasa hizo huitwa fahirisi, na wengine husema faharasa. Katika habari hii twataka kueleza asili yake na namna inavyotengenezwa, na kwa nini sisi watu wa Tanga, Pangani na milima ya Usambaa, tulioachiwa na wazee wetu akiba ya habari zilizoandikwa, twaihitaji sana.

Kwanza tupambanue mambo mawili. Yaliyomo hufuata njia ya mtungaji: sura ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama alivyopenda kusimulia. Fahirisi hufuata haja ya msomaji. Yeye hataki kusimuliwa yote tangu mwanzo. Ana swali lake moja, ataka kujua, Je, mji huu umetajwa? Mtu huyu alifanya nini? Basi majina na mambo yote yaliyomo hupangwa kwa mfuatano wa herufi, na kila moja huandikiwa ukurasa wake, hata msomaji aende moja kwa moja mahali anapopataka.

Zamani, kabla ya vitabu kuenea, fahirisi yetu ilikuwa mzee. Ukimwuliza mpaka wa shamba, au nani alimwoa nani, hakuanza kukuhadithia tangu wazee wa kwanza walipohamia nchi. Alifikiri kidogo, akakujibu lile uliloliuliza. Kitabu chashinda mzee kwa kuwa hakifi, lakini mzee ashinda kitabu kwa kuwa ajibu. Kazi ya fahirisi ni kukifanya kitabu kijibu.

Neno lenyewe lina safari ndefu. Ni neno la Kiajemi, Waarabu wakalichukua, na kwao likaja kwetu pwani. Katika mji wa Baghdad, mwaka 377 wa Hijra, yaani kama mwaka 987 wa Masihi, mwuza vitabu aitwaye Ibn al-Nadim alitunga kitabu jina lake Fihrist, akaorodhesha vitabu vya Kiarabu alivyovijua, pamoja na habari za watungaji wake. Ile ilikuwa fahirisi ya vitabu vingi. Fahirisi ya maneno ya kitabu kimoja ilipata sifa kubwa huko Paris katika miaka ya 1230, watawa wa Kidominiko walipofanya kazi chini ya Hugh wa Saint-Cher, wakapanga maneno ya Biblia na kuonyesha kila neno lilipo. Siku zile aya hazijatiwa namba, basi waligawanya kila sura kwa fikira zao mafungu saba, wakayaita kwa herufi tangu A hata G.

Hapa twaona sharti la kwanza la kazi hii: hapana fahirisi pasipo alama isiyohama. Vitabu vilipoandikwa kwa mkono, kila mwandishi alikuwa na mwandiko wake, mwingine mnene, mwingine mwembamba, na ukurasa wa 10 wa nakala moja haukulingana na ukurasa wa 10 wa nakala nyingine. Chapa ndiyo iliyofanya nakala mia kuwa sawasawa. Na kitabu cha chapa cha kwanza kijulikanacho kuwa na namba za kurasa kilitoka Cologne, katika nchi ya Wadachi, mwaka 1470.

Sasa turudi kwetu. Mwishoni mwa karne ya 19 mitambo ya chapa ya misheni ilikuwa ikifanya kazi Msalabani, yaani Magila, karibu na Muheza. Huko ndiko kilikopigwa chapa, fungu baada ya fungu, kitabu cha Habari za Wakilindi, alichokitunga Abdallah bin Hemedi, mtu aliyekaa miaka mingi Usambaa na kumtumikia Semboja wa Mazinde. Kitabu hicho chasimulia habari za Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Ngulu. Ndugu zake walimnyima urithi kwa kuwa alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Akaenda Kilindi, akaja milimani, hata watu wa Vuga wakamfanya mfalme wao. Kisha chaeleza habari za wana na wajukuu wake, na vita vyao, na mambo ya Wabondei na ya watu wa pwani. Majina ya watu na ya vijiji ni mengi mno. Mwaka 1962 kitabu kilipigwa chapa tena, na mwaka 1963 kikatoka kwa Kiingereza, tafsiri ya J. W. T. Allen.

Tuseme mwalimu mmoja ataka kukitengenezea kitabu kama hiki fahirisi. Huenda akadhani ni kazi ya mikono tu: kukata vipande vya karatasi, kuandika jina na ukurasa, na kuvipanga. Vipande ni lazima, lakini kabla hajafika herufi C atakuwa amekutana na maswali ambayo mkono hauwezi kuyajibu.

Swali la kwanza ni la majina ya watu. Wazungu hutanguliza jina la mwisho, kwa maana hilo ndilo jina la nyumba yao. Tukifuata desturi hiyo hapa kwetu, tutaharibu kazi. Maana mtungaji wa Habari za Wakilindi ni Abdallah bin Hemedi. Na yule mshairi aliyetunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima ni Hemedi bin Abdallah el Buhriy. Wote wawili ni watungaji wa upande wetu huu. Mtu akimweka kila mmoja chini ya jina la mwisho la ukoo wa baba, Abdallah atakwenda kwenye H, na Hemedi atakwenda kwenye A, na msomaji atampokea mmoja akidhani ni mwenziwe. Kwetu jina la mtu ni lile la kwanza, na jina la baba hulifuata kulieleza. Basi kila mtu na akae chini ya jina aliloitwa, na nisba yake, kama el Buhriy, ielekeze huko kwa neno "tazama."

Swali la pili ni la watu wenye jina moja. Kwetu mjukuu hupewa jina la babu, na desturi hii njema ni msiba wa mtengeneza fahirisi. Yuko Kimweri ye Nyumbai, mfalme mkuu wa Vuga, aliyefariki kama mwaka 1862. Na yuko Kimweri Maguvu, mwana wa Semboja, mjukuu wake. Kitabu kikisema "Kimweri" tu, ni lazima mtu asome ukurasa mzima, na pengine kurasa kumi za nyuma, ajue ni yupi. Asiyefanya hivyo atawaunganisha babu na mjukuu wawe mtu mmoja, aliyetawala miaka isiyowezekana.

Swali la tatu ni la tahajia. Krapf alifika Vuga mwaka 1848, na tena mwaka 1852, naye aliandika "Fuga" na "Kmeri." Wadachi waliandika "Usambara," wenyewe husema Shambaai, na Waswahili Usambaa. Abushiri bin Salim, aliyepigana na Wadachi akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889, katika vitabu vingi vya Ulaya ameandikwa "Bushiri" au "Buschiri." Mtoto wa shule akimtafuta kwenye A asimwone, atafunga kitabu na kusema, Hayumo. Kumbe yumo, amekaa kwenye B. Neno "tazama" ndilo liwezalo kumwokoa.

Swali la nne ni la lugha yetu yenyewe, wala Wazungu hawawezi kutufundisha, kwa kuwa lugha zao hazina jambo hili. Maneno yetu hubadilika kichwani. Tukiyapanga kama yalivyo, Wabondei, Wadigo, Wasegeju, Wazigua na Wasambaa wote watajazana katika W. Nchi zao zitajazana katika U, na lugha zao katika K. Mambo ya watu wamoja yatatawanyika mahali patatu. Yafaa kuyakusanya chini ya shina: Bondei, kisha Wabondei, Ubondei, Kibondei. Lakini tuwe na hadhari! Mtu akiiondoa "ki" kila aionapo, Wakilindi watakuwa watu wa Lindi, nao hawana udugu na mji ule wa kusini. "Ki" ya Kilindi ni ya jina lenyewe, nalo leo ni jina la wilaya moja ya Mkoa wa Tanga. Kadhalika "m" ya Mtang'ata haiondoki. Hakuna kanuni iwezayo kuyatambua haya pasipo mtu mwenye kuijua nchi.

Swali la tano ni kubwa kuliko yote: mambo yasiyotajwa kwa jina. Hadithi ya Mbegha na meno yake ni habari ya mtoto, ni habari ya urithi, tena ni habari ya desturi za kale za kuwatupa au kuwaua watoto walioota meno hivyo. Msomaji mmoja aweza kuitafuta chini ya "kigego," mwingine chini ya "watoto," wa tatu chini ya "urithi." Mtengeneza fahirisi hufikiri mbele kwa ajili ya wote watatu, ingawa hatawaona kamwe.

Na utenzi je? Katika utenzi yafaa kuonyesha ubeti wala si ukurasa. Maana kurasa zaweza kubadilika kila kitabu kinapopigwa chapa upya, bali beti hubaki mahali pake zikihesabiwa vema. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah ulipotolewa mwaka 1955, ulikuwa umekwisha ishi muda mrefu katika herufi za Kiarabu. Mwenye kutaka habari za Saadani na Bwana Heri, akipewa namba za beti, ataziona katika chapa yoyote. Naye Bwana Heri huwekwa kwenye B, maana "Bwana" hapa si heshima tu, ni jina lake.

Sasa twafika penye uzito wa jambo hili. Fahirisi ina mamlaka kubwa kimya kimya. Mtu aliyetajwa kitabuni na kuachwa katika fahirisi ni kama aliyezikwa bila alama. Katika vitabu vya safari na vya vita ni rahisi kuorodhesha wafalme na maofisa, na kuwaacha wapagazi, watumwa, na wanawake waliotajwa mara moja tu. Lakini mjukuu wa mpagazi naye aweza kuja siku moja na swali lake. Huenda jina lile lililotajwa mara moja ndilo shahidi pekee wa ukoo wake kwamba walikuwako. Kwa hiyo mwenye kazi hii hana budi kuwa na haki kama kadhi: asimpendelee mkubwa, asimsahau mdogo.

Wenzetu wa Ulaya wameipa kazi hii heshima. Lord Campbell, aliyekuwa jaji mkuu wa Uingereza, aliandika kwamba aliwahi kukusudia kupeleka sheria katika Bunge, kitabu kitolewacho bila fahirisi kimpotezee mtungaji haki yake ya chapa. Mwaka 1957 watengeneza fahirisi wa London walifanya chama chao, wapate kufundishana na kulipwa ujira wa haki. Hapa kwetu, mwaka 1970, ilitolewa orodha aliyoitengeneza yule Allen, ya miswada ya Kiswahili na ya Kiarabu iliyokusanywa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa orodha hiyo, karatasi zilizokuwa zikilala masandukuni mwa watu zaweza kuulizwa na kujibu. Ni kazi ileile ya Ibn al-Nadim, imefika kwetu baada ya karibu miaka elfu.

Siku hizi wako wasemao kwamba kazi imekwisha, kwa kuwa kompyuta hutafuta neno kwa dakika moja. Ni kweli, nasi twashukuru. Lakini mashine hutafuta herufi ilizopewa. Ukiiandikia "Vuga" huenda isikuonyeshe "Fuga"; ukiiandikia "Kimweri" yaweza kukuletea babu na mjukuu pamoja; na ukiiandikia "urithi" yaweza kuipita hadithi yote ya Mbegha, kama neno hilo halikuandikwa pale. Yule aliyesoma kitabu chote kwa akili zake angali ana kazi.

Wazee walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yetu ni habari zetu, nasi tunazo. Basi walimu wenzetu, tusingoje watu wa mbali. Kila shule ina kitabu kimoja angalau kisicho na fahirisi. Tuwagawie wanafunzi wakubwa sura zake, kila mmoja sura yake na vipande vyake vya karatasi; waandike majina na mambo, wabishane juu ya Kimweri na Kilindi, wapange, wasahihishe, kisha nakala safi ibandikwe nyuma ya kitabu. Watakuwa wamekisoma kuliko walivyopata kukisoma kitabu chochote, na wajao baada yao wataweza kuuliza na kujibiwa.