Kiwambo cha Mguso

Ukikaa kidogo kwenye kibanda cha fundi wa simu huko Lindi, si Lindi ya pwani ya kusini mwa Tanzania bali kijiji cha Lindi ndani ya Kibera, Nairobi, utasikia neno kioo likitamkwa na karibu kila anayefika. Kioo kimepasuka. Kioo kimeingia wino. Kioo hakishiki kidole. Wateja watatu wametamka neno moja, lakini vifaa vyao vimeumia mahali patatu, na dawa ya mmoja haimfai mwenziwe. Fundi anajua. Atamwambia yule wa tatu, "Mama, displei iko sawa, ni tachi imekufa," na mama atabaki akijiuliza kama kioo basi ni kizima au la. Akiulizwa bei, hana namna ya kujua analipia nini. Na yule kijana mwenye bisibisi, anayetaka kujitengenezea nyumbani ili kuokoa shilingi mia kadhaa, huishia kununua kipuri kisichohitajika.

Ninataka kuzungumzia hicho ambacho mafundi wa Nairobi wanakiita tachi. Wazungumzaji wa Kiingereza katika ufundi hukiita dijitaiza. Kiswahili hakijakubaliana kukiita nini, na kimya hicho kina gharama. Jina ninalopendekeza ni kiwambo cha mguso.

Kifaa ninachokusudia hapa, yaani tableti, kina jina zuri tayari. Tanzania wanakiita kishikwambi, na neno hilo halikubaki kwenye makaratasi ya wataalamu. Katika sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 makarani walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi mkononi, redio zikalitaja neno hilo kila siku, na baada ya sensa vifaa hivyo vikaelekezwa kwa walimu. Kufikia hapo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kenya ilitumia vifaa vya aina hiyo hiyo katika sensa ya Agosti 2019, na tangu 2016 serikali ilikuwa imeanza kuvipeleka kwa watoto wa darasa la kwanza katika shule za umma. Lakini Nairobi vilifika na jina lake la Kiingereza, hadi leo watu husema tableti. Sioni ubaya wa mtu kusema tableti. Ninachokiona ni kwamba istilahi hushika pale inapofika mlangoni pamoja na kitu chenyewe, ikatamkwa na mtu anayekitumia kazini. Ndiyo sababu naamini jina la kipuri hiki litazaliwa vibandani kabla ya kuzaliwa kamusini.

Uso wa kishikwambi una matabaka matatu. La juu ni kioo kigumu ambacho kazi yake ni kukinga tu. La chini kabisa ndilo linalotoa picha: kwenye vishikwambi vingi vya bei nafuu ni fuwele za kimiminika zilizobanwa kati ya vioo viwili vyembamba, na nyuma yake kuna taa inayoziangaza. Tabaka hili likiumia utaona doa jeusi linalotanda, au mistari ya rangi kutoka juu hadi chini, au giza tupu huku milio ya kifaa ikisikika kama kawaida.

Kati ya hayo mawili kuna tabaka ambalo jicho halilioni. Limetandazwa njia nyembamba mno za oksidi ya indiamu na bati, dutu yenye sifa mbili ambazo ni nadra kukutana: inapitisha umeme na inapitisha mwanga. Njia hizo zimepangwa safu za wima na safu za mlalo, na kila zinapokutana pana chaji kidogo. Mwili wa mtu unapitisha umeme, kwa hiyo kidole kikifika hubadilisha chaji ya mahali hapo. Chipu ndogo huzikagua safu zote mara nyingi kwa kila sekunde, hutambua badiliko limetokea wapi, kisha hulitangaza kwa tarakimu mbili: moja ya upana, moja ya urefu. Programu hupokea tarakimu hizo na ndipo herufi inapoandikika. Ukigusa kwa ncha ya kalamu ya kawaida ya plastiki hakuna kinachotokea, kwa kuwa plastiki haipitishi umeme. Utafiti wa skrini ya namna hii si wa jana: E. A. Johnson, mhandisi katika kituo cha utafiti wa rada cha Malvern, Uingereza, aliueleza mwaka 1965, akiwafikiria waongozaji wa safari za ndege. Miaka 45 ilipita ndipo iPad ikaingia sokoni.

Jina la Kiingereza linatokana na hatua ile ya mwisho, ya kugeuza mahali kuwa tarakimu. Kwa hiyo mtu angeweza kuunda kitarakimishi, kwa mtindo ule ule uliotupa tarakilishi. Kwa mantiki ya darasani neno hilo halina dosari. Lakini mteja akiambiwa kitarakimishi kimekufa hatajua aangalie wapi, kwa sababu neno linaeleza kazi ya chipu na kuacha kitu anachokigusa. Wengine husema skrini ya kugusa. Hilo ni jina sahihi la uso mzima, kama unavyotangazwa dukani, na ndiyo maana haliwezi kuwa jina la tabaka moja ndani yake. Kihisi mguso ni mshindani wa kweli, nami nakiri kinaeleweka. Kinachonizuia ni kwamba kihisi, katika matumizi yetu, ni kidude kilichokaa mahali pamoja: kihisi cha mwanga, kihisi cha moshi. Hapa tunazungumzia kitu kilichotandazwa kutoka ukingo hadi ukingo.

Kiswahili kina kitenzi cha kutandaza namna hiyo. Kuwamba ni kuivuta ngozi juu ya mzinga wa ngoma mpaka ikaze, na kitanda cha kamba nacho huwambwa. Kiwambo ndicho kilichowambwa. Wanafunzi wa baiolojia wanakijua kiwambo cha sikio, na wasomaji wa riwaya za upelelezi wamekutana mara nyingi na bastola yenye kiwambo cha sauti, ingawa huko maana imesogea mbali. Ngozi ya ngoma imekazwa yote sawasawa, ipo tayari kuupokea mkono popote utakapotua, na ikipasuka upande mmoja mlio wote huharibika. Tabaka la katikati la kishikwambi linafanana nayo kwa umbo na kwa tabia.

Pingamizi lipo na ni zito: vitabu vingi vya Kenya vimetumia kiwambo kwa uso mzima wa televisheni au kompyuta. Jibu langu ni kwamba kazi hiyo imekwishachukuliwa na skrini. Simu ya Android ukiiweka katika Kiswahili inakuandikia skrini, watoto wanasema skrini, na magazeti pia. Kiwambo kimebaki bila kazi ya kutosha, na nyongeza ya "cha mguso" inaondoa shaka iliyobaki. Tukikubaliana hivyo tuna maneno matatu kwa matabaka matatu: kioo juu, kiwambo cha mguso katikati, skrini chini.

Dukani mambo yanaongezeka ugumu kidogo. Kwenye vishikwambi vya bei nafuu kiwambo kimegandishwa nyuma ya kioo, na viwili hivyo huuzwa kama kipuri kimoja, mbali na skrini. Hiyo ndiyo habari njema kwa mtu wa Lindi, kwa sababu kipuri hicho kwa kawaida ni nafuu kuliko skrini. Kwenye vifaa vingi vya bei ya juu matabaka yote matatu yamegandishwa pamoja. Apple ilifanya hivyo kwenye iPad Air 2 ya mwaka 2014. Picha inaonekana karibu zaidi na kidole, lakini ufa mdogo wa kioo unakulazimu kununua vyote. Kabla hujanunua kishikwambi cha mtoto, hilo ni swali la kumwuliza muuzaji, na sasa una maneno ya kuliuliza.

Maneno haya yanasaidia zaidi unapoketi nyumbani kukitengeneza. Kwanza pima. Picha ikiwa safi, shika alama ya programu yoyote kwenye skrini uiburute polepole hadi kila pembe. Ikikuponyoka mahali pale pale kila mara, kiwambo kimekatika hapo. Kishikwambi kikijigusa chenyewe na kuandika herufi bila mtu, usikimbilie kununua chochote: chomoa chaja kwanza. Chaja duni na umeme usiotulia huvuruga chaji ndogo za kiwambo, na katika nyumba zinazotegemea umeme wa sambaza, ule unaounganishwa kinyemela, hili si jambo geni. Kikitulia baada ya kuchomolewa, kiwambo hakina kosa. Na kikiwa kimekufa kabisa huku skrini ikionyesha, chomeka mausi ya kompyuta kwa waya wa OTG, ule unaokiwezesha kishikwambi kupokea vifaa vya USB. Vishikwambi vingi vitaikubali, nawe utaweza kuhifadhi picha na kazi za shule kabla ya kufungua chochote.

Kipuri hakinunuliwi kwa jina la kishikwambi. Vile vya majina yasiyojulikana sana, ambavyo ni vingi, hubadilishwa viwambo na kiwanda bila kubadilisha jina la nje. Namba unayoitafuta imeandikwa kwenye fleksi, ule utepe mwembamba unaounganisha kiwambo na bodi, kwa hiyo itakubidi ufungue kwanza, upige picha ya namba, halafu uende nayo Luthuli Avenue katikati ya jiji. Wauzaji wa huko wanalijua zoezi hilo. Namba ikitofautiana hata kwa herufi za mwisho, chipu inaweza kutoa tarakimu ambazo kishikwambi chako hakizielewi: unagusa kushoto kinajibu kulia, au juu kinajibu chini. Watu hudhani wamefunga vibaya, wakafungua na kufunga mpaka utepe ukakatika. Hitilafu hiyo haimo katika mikono yao.

Katika chumba cha futi kumi kwa kumi, mezani panapopikiwa na kusomewa, adui wa kwanza ni vumbi na wa pili ni vipande vya kioo. Bandika selotepu juu ya ufa wote kabla ya kuanza, vaa miwani yoyote uliyo nayo, na watoto wakae nje. Zima kifaa, toa laini na kadi ya kumbukumbu. Gundi ya ukingoni hulegea kwa joto; draya ya saluni inatosha, ikipitishwa polepole ukingoni bila kusimama mahali pamoja. Kisha ingiza plastiki nyembamba, kadi ya zamani kwa mfano, na uizungushe bila kuizamisha, maana skrini iko karibu sana chini yake. Kisu kisitumike. Ukishafungua, tenganisha betri kabla ya kugusa utepe wowote. Betri iliyovimba ni sababu ya kusimamisha kazi yote na kumpelekea fundi: betri ya lithiamu ikitobolewa au kupashwa joto kupita kiasi huwaka moto, na katika vyumba vya mabati vilivyobanana moto wa chumba kimoja ni wa mtaa mzima.

Utepe wa kiwambo mara nyingi umeshikwa na kifungio kidogo kinachoinuliwa kwa ukucha. Kuuvuta utepe bila kukiinua ni kuua soketi ya bodi, na hapo kipuri cha bei nafuu kimezaa hasara kubwa. Unganisha kiwambo kipya, rudisha betri, washa, kisha jaribu pembe zote nne kabla ya kugusa gundi. Hatua hii hurukwa na wengi kwa haraka ya kumaliza. Kikijibu vizuri, zima tena, futa vumbi juu ya skrini kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, paka gundi kidogo ukingoni (mafundi wengi hutumia B-7000), bana kwa raba na ukiache mpaka gundi ishike.

Kijana anayetafuta maelekezo haya kwenye mtandao huyapata kwa urahisi zaidi katika Kiingereza, na picha humsaidia kadiri picha inavyoweza. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, familia nyingi za Nairobi zilijikuta zikitegemea kifaa kimoja kwa masomo ya watoto wote, na kifaa kilichokufa kilimaanisha masomo yamesimama. Kwangu mimi, lugha ya mama aliyesimama mbele ya kibanda inapaswa kumwezesha kuuliza swali kamili na kulielewa jibu lake.

Kwa hiyo ninawaomba mafundi wa Lindi, wa Kawangware na wa Luthuli: semeni tachi mkipenda, lakini kwenye risiti andikeni kioo, kiwambo cha mguso au skrini, na bei ya kila kimoja mstari wake. CHAKITA (Chama cha Kiswahili cha Taifa) huku Kenya na BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) Tanzania walipime neno hili, walikatae kama wana bora zaidi, ila wasiliache bila jibu. Nawe msomaji, siku kishikwambi chako kitakapoanguka, mwulize fundi ni tabaka lipi limeumia kabla hujamwuliza bei.