Wajerumani wa Marekani: Jamii kubwa iliyonyamazishwa lugha yake

Tarehe 25 Mei 1920, mwendesha mashitaka wa wilaya aliingia katika darasa la shule ndogo ya Kilutheri mjini Hampton, katika jimbo la Nebraska, Marekani. Alimkuta mwalimu Robert Meyer akimsomesha mtoto wa miaka 10 hadithi ya Biblia kwa Kijerumani. Meyer alishitakiwa, akatiwa hatiani na kutozwa faini ya dola 25. Sheria ya jimbo hilo, iliyopitishwa mwaka 1919, ilikataza kumfundisha mtoto lugha yoyote ya kigeni kabla hajamaliza darasa la nane.

Lugha hiyo haikuwa ngeni katika nchi hiyo. Ilikuwa imezungumzwa humo kwa zaidi ya miaka 200.

Walowezi wa Germantown

Mwanzo wa historia ya Wajerumani wa Marekani huhesabiwa kuwa tarehe 6 Oktoba 1683, siku meli iitwayo Concord ilipotia nanga Philadelphia ikiwa na familia 13 kutoka mji wa Krefeld, karibu na mto Rhine. Wengi wao walikuwa Wamennonite na Wakweka, waumini wa madhehebu madogo yaliyobughudhiwa Ulaya, na William Penn alikuwa amewaahidi uhuru wa kuabudu. Walijenga kijiji walichokiita Germantown, chini ya uongozi wa mwanasheria Francis Daniel Pastorius.

Miaka mitano baadaye, Pastorius na wenzake watatu walitia saini waraka wa kupinga utumwa, ambao unahesabiwa kuwa wa kwanza wa aina yake katika makoloni ya Waingereza ya Amerika Kaskazini. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: kule Ulaya watu huteswa kwa sababu ya imani yao, na huku wanateswa kwa sababu ya weusi wao. Vikao vya Wakweka viliupokea waraka huo, vikaupeleka ngazi za juu, kisha vikauweka kando.

Jamii hiyo ilikuwa na mitambo yake ya uchapaji tangu mapema. Christopher Sauer alichapisha Biblia ya Kijerumani huko Germantown mwaka 1743, karibu miaka 40 kabla ya Biblia kamili ya Kiingereza kuchapishwa Marekani. Na Azimio la Uhuru lilipopitishwa mwaka 1776, gazeti la kwanza kutangaza habari hiyo lilikuwa la Kijerumani, toleo la tarehe 5 Julai. Si kila mtu aliyefurahia wingi wao. Tayari mwaka 1751 Benjamin Franklin alikuwa amelalamika kwamba wageni hao wangeigeuza Pennsylvania kuwa koloni la Wajerumani.

Iko hadithi, inayorudiwa hadi leo, kwamba Kijerumani kilikosa kura moja tu kiwe lugha rasmi ya Marekani. Si kweli. Kilichojadiliwa bungeni katika miaka ya 1790 kilikuwa ombi la Wajerumani wa Virginia kutaka sheria zichapishwe pia kwa lugha yao, na hata hilo halikukubaliwa.

Bia, nyimbo na siku ya Jumapili

Wimbi kubwa lilikuja katika karne ya 19. Kati ya mwaka 1820 na 1910 waliingia Marekani zaidi ya Wajerumani milioni 5. Baadhi walikimbia njaa na mashamba yaliyogawanywa hadi yasitoshe kulisha familia, wengine walikwepa jeshi. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1848 kushindwa, wakafuata pia wakimbizi wa kisiasa. Mmoja wao, Carl Schurz, alikuja kuwa seneta na baadaye waziri wa mambo ya ndani. Mkewe, Margarethe, alifungua mwaka 1856 mjini Watertown, Wisconsin, shule inayotajwa kuwa ya kwanza ya chekechea nchini humo.

Katika miji kama Cincinnati, St. Louis na Milwaukee, maisha yao yalizunguka kanisa, gazeti, kiwanda cha bia, chama cha mazoezi ya viungo na kwaya. Cincinnati ilikuwa na shule za umma zilizofundisha kwa lugha mbili tangu 1840. Jumapili alasiri baba, mama na watoto walikaa pamoja katika bustani za bia wakisikiliza muziki. Waprotestanti wenye asili ya Uingereza waliona huko ni kuinajisi siku ya Bwana. Mwaka 1855 meya wa Chicago aliamuru baa zifungwe Jumapili na kupandisha ada ya leseni kutoka dola 50 hadi 300. Ghasia zilizuka na damu ikamwagika.

Vita na hofu

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwezi Aprili 1917, yote hayo yaligeuka ushahidi wa usaliti. Gazeti lililotaka kuandika habari za vita kwa Kijerumani lililazimika kuwasilisha tafsiri yake kwa mkuu wa posta. Ni kazi ghali kwa chumba chochote cha habari, na magazeti mengi yalifungwa. Katika jimbo la Iowa, gavana alipiga marufuku lugha zote za kigeni mahali pa hadhara, makanisani na hata katika simu. Mwezi Aprili 1918 umati wa watu huko Collinsville, Illinois, ulimnyonga mhamiaji Robert Prager. Walioshitakiwa kwa mauaji hayo waliachiwa huru.

Mwalimu Meyer alikata rufaa. Tarehe 4 Juni 1923 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa haki, ikisema kwamba uhuru unaolindwa na katiba unajumuisha haki ya mwalimu kufundisha na ya mzazi kumchagulia mtoto wake elimu. Lakini wazazi wengi walikuwa wameshaacha kuwasemesha watoto wao Kijerumani, na hukumu ya mahakama haiwezi kuingia jikoni kwa watu.

Leo Wamarekani zaidi ya milioni 40 hutaja asili ya Kijerumani, lakini wengi wao hawaijui lugha hiyo. Waliobaki nayo zaidi ni Waamish, wakulima wasiotumia magari yao wenyewe wala umeme wa gridi. Majirani huwaita “Pennsylvania Dutch”, ingawa si Waholanzi. Wao wenyewe huiita lugha yao “Deitsch”. Msomaji aliyewasikia wazee wa Afrika Mashariki wakiwaita Wajerumani “Wadachi” hatapotea hapo. Nyumbani husema lahaja yao, shuleni Kiingereza, na kanisani husoma Biblia ya Luther.

Huko Texas, ambako Wajerumani walianzisha New Braunfels mwaka 1845, hali ni tofauti. Lahaja ya huko imebaki kwa wazee, na tangu 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin wamekuwa wakizirekodi sauti zao. Wazee hao huiita ndege ya abiria “Luftschiff”, yaani merikebu ya angani, kwa kuwa mababu zao walihama Ujerumani kabla ya ndege kubuniwa.