Kisiki Bado Kina Uhai: Somo la Ardhi ya Dodoma

Leo tuweke jembe chini kidogo tuzungumze historia. Si historia ya wafalme. Ni historia ya kisiki, kuni na mkaa, na inamhusu kila mtu anayeinjika chungu jikoni.

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara kuu ya Kondoa na Arusha, baada ya kilometa 12 hivi unafika Msalato. Wengi wanapajua kwa mnada wake wa mifugo na harufu ya nyama choma. Wengine wamepajua kwa habari ya kiwanja cha ndege cha kimataifa, ambacho Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe lake la msingi mwaka 2022. Mji umefika mlangoni. Mahali palipokuwa shamba la uwele, leo unakuta bikoni za viwanja. Basi swali ni hili: tutaishi vipi maisha haya ya kisasa bila kuila ardhi inayotulisha?

Kwanza tuikumbuke nchi yenyewe. Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni jua na upepo. Wazee wa Kigogo walilijua jambo hilo. Walipanda uwele na mtama vinavyostahimili ukame, wakakausha mboga ya mlenda kwa ajili ya kiangazi, na wakakopeshana ng'ombe na ndugu wa mbali, ili ukame ukipiga upande mmoja usimalize zizi lote. Hiyo ndiyo iliyokuwa benki yao.

Lakini tusiseme kwamba zamani mambo yote yalikuwa mazuri. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakosekana. Ikaja njaa kubwa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, na inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa. Tujifunze hapo kwamba akiba ikiisha, ukame mmoja tu unatosha kuleta msiba.

Mwaka 1947 wakaja wataalamu wa Uingereza huko Kongwa, mashariki ya Dodoma. Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ikakusudia kulima karanga kwa matrekta. Walipanga kulima eka 150,000 kwa mwaka wa kwanza tu. Kumbe hawakuijua ardhi! Mizizi ya vichaka ilivunja majembe ya matrekta. Udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji. Mvua ikawatupa mkono. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikauacha mpango huo, baada ya kupoteza karibu paundi milioni 36. Tuishike habari hiyo ya mizizi, maana tutairudia. Wataalamu wale waliiona mizizi kuwa ni adui.

Baada ya Uhuru tulikuwa na makosa yetu wenyewe. Katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971, watu wengi walihamishiwa vijijini. Shule, maji na zahanati vilisogea karibu, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini watu na mifugo walipokusanyika mahali pamoja, miti ya jirani ilikwisha, nyasi zikakanyagwa, na maji ya mvua yakachimba makorongo.

Ndiyo maana mwaka 1973, mwaka uleule ilipoamuliwa Dodoma iwe makao makuu, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, kwa msaada wa Sweden. Walichimba matuta na kupanda miti, lakini mifugo ilipita juu ya kazi hiyo ikaiharibu. Basi mwaka 1979 ikatolewa amri kali. Katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, lenye kilometa za mraba 1,256, mifugo yote ikaondolewa, karibu 90,000. Mwaka 1986 ikafuata tarafa ya Mvumi.

Hebu fikirini, ndugu zangu, mfugaji kuambiwa atoe ng'ombe wote! Maziwa ya watoto yalikwenda, samadi ikakosekana, na mifugo ikapelekwa kwa jamaa wa mbali. Ilikuwa dawa chungu. Lakini nchi iliitika. Nyasi zilirudi, na vichaka na miti vikaota tena, sehemu kubwa bila kupandwa na mtu. Baadaye wakulima wa huko wakaruhusiwa kufuga ng'ombe wachache bandani na kuwakatia majani.

Je, miti ile ilitoka wapi? Ilitoka chini. Mti wa kwetu ukikatwa, mara nyingi mizizi haifi. Kila mwaka kisiki hutoa machipukizi, na kila mwaka mbuzi huyala, moto huyaunguza, au sisi wenyewe huyafyeka tukisafisha shamba. Kisiki kinataka kuwa mti, sisi ndio tunaokizuia.

Huko Niger, Afrika Magharibi, Mwaustralia mmoja aitwaye Tony Rinaudo alilitambua jambo hilo katika miaka ya 1980, baada ya kuona miche mingi aliyopanda ikifa. Wakulima wa Niger wakaanza kutunza visiki mashambani mwao, na mamilioni ya hekta yakapata miti. Hapa Dodoma njia hiyo imepewa jina la Kisiki Hai, na tangu mwaka 2018 shirika la LEAD Foundation pamoja na Justdiggit la Uholanzi wameieneza vijijini.

Kazi yenyewe haihitaji fedha. Chagua kisiki chenye machipukizi. Acha machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine yakate. Pogoa matawi ya chini. Funga kitambaa ili jirani na mchungaji wajue kwamba mti huo una mwenyewe. Kisha ulinde. Vile ulivyokata ni kuni za jikoni. Mizizi iliyovunja majembe kule Kongwa ndiyo hiyo hiyo inayokukuzia mti bila kumwagiliwa.

Lakini tukilinda kisiki shambani huku jikoni tunachoma gunia baada ya gunia, tutakuwa tunateka maji kwa pakacha. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 katika Dodoma mjini. Ya 2022 ilihesabu wapatao 765,000. Wote hao wanakula. Na tanuri la kienyeji la kufukia kwa udongo hula kuni nyingi: katika kilo 10 za kuni, mara nyingi unapata mkaa kilo 1 au 2 tu. Kwa hiyo anayenunua mkaa mjini anakata mti asiouona.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni shabaha nzuri. Ila sote tunajua kwamba mtungi wa gesi ukiisha katikati ya mwezi, mama anarudi kwenye mkaa. Basi tuanze na tunachokiweza. Loweka maharage usiku kucha kabla ya kuyapika. Funika sufuria. Tumia jiko banifu, ambalo halipotezi moto. Gesi ikipatikana, itumike. Kinga maji ya paa la bati. Lima ukikingama na mteremko. Na kama umebakiwa na robo eka tu kati ya bikoni, visiki vyake usiving'oe.

Ndugu wakulima, Kongwa watu walipigana na ardhi wakashindwa. Kondoa ardhi iliponywa kwa amri, na wananchi wakalipa gharama kubwa. Tukingoja mpaka makorongo yafike mlangoni, amri itakuja tena, na dawa itakuwa chungu vilevile. Afadhali tuanze wenyewe, kila nyumba na shamba lake na jiko lake. Kesho asubuhi, kabla hujainua panga kusafisha shamba, tazama chini. Kile kichipukizi unachotaka kukifyeka ndicho kivuli cha wajukuu zako.