HISTORIA YA UZAZI PWANI, SEHEMU YA 4: KULWA NA DOTO

Mama zangu, wadogo zangu, na nyie kina baba mnaosoma kimya kimya kwenye simu za wake zenu, karibuni. Leo ni zamu ya pacha.

Siku hizi baba akiambiwa mke wake ana pacha, swali linalofuata ni lilelile: "Nesi, wa kiume au wa kike?" Akiambiwa mmoja mmoja, anacheka mpaka jino la mwisho. Akiambiwa wa kiume wawili, anapiga simu kwao palepale. Akiambiwa wa kike wawili, wapo wanaofurahi, na wapo wanaonyamaza na kumwangalia mke kama vile kakosea. Huyo anayenyamaza ndiye ninayemwandikia leo.

Turudi nyuma. Juni 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walikuwa Kaole, hapo jirani na Bagamoyo, wakijiandaa kwenda Ziwa Tanganyika. Kitabu cha Burton kilitoka mwaka 1860. Humo aliandika kwamba Wazaramo waliwauza pacha au kuwaacha porini. Kuhusu Wanyamwezi, ambao misafara yao ilishuka Pwani na pembe za ndovu, aliandika kwamba mmoja wa pacha aliuawa, halafu mama alifunga kibuyu kwa ngozi, akakilaza pamoja na mtoto aliyebaki na kukilisha kama mtoto.

Burton alikuwa mpita njia, tena mwenye dharau kwa watu wetu, kwa hiyo msimeze kila neno lake. Lakini hofu ya pacha ilikuwepo katika jamii nyingi za Afrika, na haikutoka hewani. Pacha huzaliwa kabla ya wakati mara nyingi, wakiwa wadogo. Wa pili anaweza kukaa vibaya, na mama anaweza kutokwa damu nyingi. Kama hakuna upasuaji wala damu ya kuongezwa, familia ilizika mtoto, au mama, au wote. Watu wakatafuta maana, wakasema ni mkosi.

Sasa angalieni majina. Wasukuma na Wanyamwezi humwita pacha wa kwanza Kulwa na wa pili Doto, na leo majina hayo yamezoeleka nchi nzima, mpaka huku kwetu. Kulwa anaweza kuwa msichana au mvulana, na Doto vilevile. Jina linaeleza nani alitangulia, basi. Wazee hawakusubiri kujua jinsia ili wawe na jina tayari.

Na wangeijuaje? Mkunga alikuwa na mikono yake: anapapasa tumbo, anatafuta vichwa viwili. Mwaka 1895 daktari Mfaransa, Adolphe Pinard, akaleta kile kipembe tunachokiweka tumboni kusikiliza moyo wa mtoto, na mpaka leo bado tunakitumia. Mikono na kipembe vinaweza kukuonyesha kuwa wako wawili, lakini jinsia havikwambii. Zile habari za tumbo la mbele ni dume na tumbo la kusambaa ni jike, jamani, ni kubahatisha tu.

Mabadiliko yalianzia Glasgow, Uskoti. Mwaka 1955 daktari Ian Donald alikwenda kwenye kiwanda kilichotumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa ndani ya chuma, akajaribu mashine ile kwenye uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa. Mwaka 1958 yeye na wenzake wakachapisha picha za ndani ya tumbo. Ndiyo utrasaundi hiyo. Kuanzia wiki ya 18 hadi 20 hivi, mtoto akikaa vizuri, jinsia inaonekana.

Baba unayenyamaza, kuna jambo lilishajulikana hata kabla ya mashine hiyo. Tangu mwaka 1905 wanasayansi wanajua kwamba jinsia inategemea kromosomu. Yai la mama lina X tu. Mbegu ya baba ndiyo inayoleta X au Y. Wasichana wawili wametokana na mbegu zako, kwa hiyo mkeo hana kosa, na wewe pia huna.

Tena swali lako la jinsia lina faida kwetu. Pacha wa kike na wa kiume wametoka kwenye mayai mawili, na kwa kawaida kila mmoja ana kondo lake. Wakiwa jinsia moja, wanaweza kuwa wanachangia kondo moja, na hapo damu inaweza kwenda zaidi kwa mmoja, mwenzake akadhoofika. Hao wanahitaji kuangaliwa mara kwa mara. Idadi ya makondo inaonekana vizuri kabla ya wiki ya 14, ndiyo maana nawasihi msisubiri tumbo lionekane ndipo mje kliniki. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri utrasaundi moja kabla ya wiki 24 na mahudhurio 8. Pacha wanahitaji zaidi ya hapo.

Kwa hiyo baba, uliza jinsia, ni haki yako. Ila anza na haya: kondo ngapi? Wanakua sawasawa? Tujifungulie wapi? Na nauli ya usiku iwe tayari.

Sehemu ya 5 tutaongelea maziwa: mama mmoja, vinywa viwili. Wenye Kulwa na Doto ndani, kwenu aliyewafuatia mlimwitaje?