Kiama Kilichokwisha Kupita: Sehemu ya Mwanzo ya Filamu ya La Jetée na Historia ya Mwaka 1962

Utangulizi

Filamu zinazosawiri maisha baada ya kiama aghalabu huchukuliwa kuwa kazi za kubuni yajayo. Mtazamo huu umewafanya wahakiki wengi kuzisoma kama bishara au onyo, na kusahau kwamba msanii hana malighafi nyingine ila yale ambayo jamii yake imekwisha kuyaona au kuyatenda. Makala haya yanachunguza sehemu ya mwanzo ya La Jetée, filamu ya Chris Marker iliyotengenezwa Ufaransa mwaka 1962. Hoja inayojengwa ni kwamba kiama kinachosimuliwa humo si cha kesho bali ni cha jana, na kwamba fani ya sehemu hiyo, hasa matumizi ya picha mnato na ya wakati uliopita, haiwezi kuelezwa ipasavyo pasipo kuirejelea historia ya Ufaransa na ya makoloni yake katika miaka hiyo.

Uhakiki wa filamu hii umeelekea zaidi kwenye masuala ya kumbukumbu na mapenzi: mwanamume anarudishwa nyuma katika wakati, anamtafuta mwanamke ambaye uso wake ulimkaa moyoni tangu utotoni, na mwishowe anagundua kwamba kifo alichokishuhudia akiwa mtoto kilikuwa kifo chake mwenyewe. Usomaji huo una msingi. Hata hivyo, unaipita haraka mno sehemu ya mwanzo, kana kwamba vita vilivyoangamiza Paris ni pazia tu la kufungulia kisa cha mapenzi.

Fani ya sehemu ya mwanzo

La Jetée huchukua muda wa dakika 28 hivi, na karibu filamu nzima imeundwa kwa picha mnato zilizopangwa moja baada ya nyingine. Picha moja tu ndiyo inayosogea, nayo ni ya mwanamke aliyelala anapofumbua macho, na haipatikani katika sehemu ya mwanzo. Filamu yenyewe inajitambulisha kuwa ni riwaya ya picha, jina ambalo Wafaransa walilitumia kwa hadithi za mapenzi za bei nafuu zilizochapishwa magazetini kwa njia ya picha. Marker aliichukua fani hiyo iliyodharauliwa, akaipa mzigo mzito.

Sehemu ya mwanzo inafunguliwa kwa mngurumo wa injini za ndege na picha ya uwanja wa ndege wa Orly, kusini mwa Paris. Sauti za kwaya ya kanisa zinafuata. Kisha msimulizi, kwa sauti tulivu ya Jean Négroni, anaeleza kwamba kisa ni cha mtu aliyetiwa alama na taswira ya utotoni. Siku ni Jumapili. Wazazi wamewaleta watoto kutazama ndege zikiruka. Panaonekana jukwaa refu mithili ya gati, jua lililoganda, na uso wa mwanamke. Ghafla kunatokea kelele, mwanamke anashtuka, mwili unaanguka, na watu wanapiga mayowe. Baadaye mtoto anatambua kwamba alimwona mtu akifa. Kitambo kidogo baadaye, Paris inateketea.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni wakati wa usimulizi. Vita vya Tatu vya Dunia, ambavyo mtazamaji wa mwaka 1962 aliviogopa kama jambo lijalo, vinasimuliwa kwa wakati uliopita, kwa utulivu ule ule wa fanani anayeanza ngano kwa kusema hapo zamani za kale. Katika ngano ya Kiswahili, fanani anaposema "Paukwa", hadhira huitikia "Pakawa", na kwa itikio hilo watu wanakubaliana kwamba kisa kimekwisha kupita na kwamba wao wako salama upande wa pili wa wakati. Katika filamu hii fanani yupo, lakini mwitikaji hayupo. Msimulizi anazungumza kutoka mahali baada ya mwisho wa kila kitu, na mtazamaji hapewi upande wa kusimama. Ama ameokoka pamoja na msimulizi, ama ni miongoni mwa waliokufa.

Jambo la pili ni picha mnato zenyewe. Katika sinema ya kawaida, tukio hutendeka mbele ya macho ya mtazamaji. Picha mnato, kinyume chake, ni ushahidi wa lililokwisha tendeka. Haiwezi kupigwa kabla ya jambo kuwapo. Kwa hiyo Marker anapoonyesha Paris iliyobomoka kwa picha za namna hii, anauvika uzushi vazi la nyaraka. Tao la Ushindi linaonekana limevunjika kileleni, na hiyo ni picha iliyochezewa. Lakini majengo yaliyobaki maganda, madirisha yasiyo na vyumba nyuma yake na vifusi mabarabarani ni sura ambazo kila mtu mzima wa Ulaya alizitambua. Zilikuwa sura za miji iliyopigwa mabomu kati ya mwaka 1939 na 1945. Paris ilinusurika maangamizi ya aina hiyo, na filamu inaikopesha uharibifu uliowapata wengine.

Mwaka 1962 na kivuli chake

Vita vya Pili vya Dunia, hata hivyo, havitoshi kuieleza sehemu hii. Mauaji ya hadharani yanayoifungua filamu yanatokea mahali mahususi na katika kipindi mahususi. Jengo jipya la Orly lilizinduliwa na Rais Charles de Gaulle mwezi Februari 1961, na lilikuwa fahari ya Ufaransa iliyotaka kuonekana ya kisasa. Familia zilikwenda huko siku za Jumapili kustarehe. Katika mwaka huo huo, mnamo tarehe 17 Oktoba, polisi wa Paris waliwaua Waaljeria waliokuwa wakiandamana kwa amani, na miili ya baadhi yao ikatupwa katika mto Seine. Mwezi Februari 1962 watu 9 walikufa katika kituo cha treni cha Charonne baada ya polisi kuwashambulia waandamanaji waliopinga vita vya Aljeria na mabomu ya kundi la OAS. Mtu kuanguka na kufa mbele ya umati wa Jumapili halikuwa jambo geni kwa mji huo. Lililokuwa geni ni mtu kuruhusiwa kulikumbuka.

Ndipo maana ya mtoto wa Orly inapodhihirika. Ameona, lakini haelewi alichokiona mpaka baadaye sana. Hali hiyo ilikuwa pia ya taifa zima. Mauaji ya Oktoba 1961 yalifunikwa kwa kimya kwa miongo kadhaa. Filamu haiyataji, wala haidaiwi hapa kwamba Marker alikusudia kuyasimulia kwa mafumbo. Kinachodaiwa ni kwamba muundo wa kisa chake, yaani tukio linaloonwa leo na kueleweka kesho, ulikuwa ndio muundo wa maisha ya kisiasa ya Paris alipokuwa akikitunga. Mwezi Mei 1962, yeye na Pierre Lhomme walikuwa wakipita katika mitaa ya mji huo wakiwahoji wakazi kwa ajili ya filamu ya Le Joli Mai.

Kuhusu sumu ya nyuklia inayowafukuza walionusurika kutoka juu ya ardhi, historia iko wazi zaidi. Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la atomiki huko Reggane, katika Sahara ya Aljeria. Hadi mwaka 1966 ilikuwa imefanya majaribio 17 katika jangwa hilo: 4 angani na 13 chini ya ardhi. Nchi za Kiafrika zililalamika vikali, na Nigeria ilivunja uhusiano wake wa kibalozi na Ufaransa mwezi Januari 1961. Tarehe 1 Mei 1962, jaribio la chini ya ardhi huko In Ekker lilipasua mlima na kutoa wingu la sumu lililowapata askari, wenyeji na hata mawaziri waliokuja kutazama. Mtazamaji wa Paris aliweza kuiona ardhi yenye sumu kama ndoto mbaya ya siku zijazo. Kwa mwenyeji wa Sahara hiyo ilikuwa habari ya mwaka huo huo.

Chini ya Chaillot

Sehemu ya mwanzo inaishia mahali ambapo walionusurika wanajificha, katika mahandaki chini ya Chaillot. Huko baadhi ni washindi na wengine ni wafungwa, na washindi wanawatumia wafungwa kwa majaribio. Uteuzi wa mahali hapa una uzito. Katika Kasri la Chaillot ndimo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilimopitisha Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu, tarehe 10 Desemba 1948. Humo pia mna Jumba la Makumbusho ya Binadamu, lililohifadhi vitu vingi vilivyochukuliwa kutoka makoloni. Marker aliijua mada hiyo vizuri. Mwaka 1953 yeye na Alain Resnais walikamilisha Les statues meurent aussi, filamu iliyoagizwa na Présence Africaine kuhusu sanaa ya Kiafrika iliyofungiwa katika makumbusho ya Ulaya. Serikali ya Ufaransa haikuruhusu ionyeshwe kikamilifu kwa takriban miaka 10. Basi mtu anapofanywa kifaa cha majaribio chini ya jengo hilo, filamu haihitaji kubuni unyama mpya. Inauhamisha tu ule uliotendwa mbali, na kuuleta chini ya sakafu ya wenye nyumba.

Hitimisho

Inaweza kupingwa kwamba usomaji huu unaitwisha filamu mzigo wa matukio isiyoyataja. Pingamizi hilo lina nguvu iwapo historia itachukuliwa kuwa orodha ya mambo yanayotajwa. Lakini historia huingia katika kazi ya sanaa pia kwa njia ya umbo: wakati wa usimulizi, aina ya picha, mahali panapoteuliwa. La Jetée inasimulia mwisho wa dunia kwa wakati uliopita kwa sababu, kwa watu wengi, mwisho huo ulikuwa umekwisha kufika. Mhakiki wa Afrika Mashariki anayeisoma filamu ya kiama hana budi kuuliza kwanza kiama hicho kilikuwa cha nani kabla ya kuwa hadithi ya wote.