Ugomvi wa Ndugu katika Kalamu ya Bibi Salme

Kitabu alichokichapisha Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyezaliwa kwa jina la Salme na kubatizwa kwa jina la Emily Ruete, kimezoeleka kusomwa kama hazina ya habari za majumba ya kifalme: mapishi, mavazi, malezi ya watoto, sikukuu, na maisha ya masuria, yaani wajakazi ambao bwana wao aliwaweka kinyumba na kuzaa nao watoto waliohesabiwa kuwa huru. Usomaji huo una haki yake. Hata hivyo kitabu hicho ni tawasifu, masimulizi ya mtu juu ya maisha yake mwenyewe, na mwenye maisha hayo alikuwa ametengwa na ukoo wake kwa miaka ishirini kilipotoka, hali iliyoamua kwa kiasi kikubwa kipi kisimuliwe kwa kirefu na kipi kinyamaziwe.

Salme alizaliwa Mtoni tarehe 30 Agosti 1844, baba yake akiwa Sayyid Said bin Sultan na mama yake Jilfidan, suria wa Kicherkesi, kabila la milima ya Kaukazi. Mabinti wa jumba walisomeshwa Kurani lakini hawakufundishwa kuandika, kwa hiyo alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia uliotumika badala ya ubao. Ujuzi huo wa kujiibia ndio uliomwingiza katika fitina za kaka zake. Sayyid Said alifariki baharini Oktoba 1856, Thuwaini akabaki na Oman, Majid akapata Zanzibar, na Barghash, aliyejiona anastahili kiti hicho zaidi, akaanza kukusanya wafuasi. Salme alikuwa amelelewa kwa muda katika nyumba ya Majid na kumpenda, lakini mapenzi yake kwa dada yake Khole, aliyekuwa upande wa Barghash, yalishinda. Na kwa kuwa alijua kuandika, akawa katibu wa njama akiwa na umri wa miaka 15. Ni vigumu kupata mwandishi mwingine wa pwani ambaye maandishi yake ya kwanza yenye uzito yalikuwa barua za kumpindua ndugu yake wa baba mmoja.

Njama ilivunjika mwaka 1859. Barghash alijihami katika shamba la Marseilles, akashindwa kwa msaada wa jeshi la majini la Uingereza, kisha akapelekwa Bombay, ilhali Majid alimsamehe Salme. Msamaha huo ukazaa uadui mwingine, kwa sababu Salme alipokubali ombi la Majid la kumwachia balozi mdogo wa Uingereza nyumba yake ya Bububu, Barghash na Khole walilihesabu jambo hilo kuwa usaliti. Nyumba moja ya shamba ilitosha kukata udugu ambao vita havikuweza kuukata.

Baadaye alipata mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa jirani yake Mji Mkongwe, akatoroka Agosti 1866 kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, na huko, tarehe 30 Mei 1867, akabatizwa na kufunga ndoa. Mwaka 1870 Ruete alikufa Hamburg katika ajali ya tramu, akimwachia watoto watatu, na mwaka huohuo Majid alifariki na Barghash akatawala. Kwa sheria ya Kiislamu, aliyetoka katika dini hamrithi Mwislamu. Kwa Barghash, sheria hiyo ilikutana na kinyongo cha zamani. Barghash alipozuru London mwaka 1875, Salme alimfuata huko, lakini Sir Bartle Frere, ofisa wa Uingereza, alimshawishi asionane naye, na ahadi aliyopewa juu ya watoto wake haikutimizwa. Mwaka 1885 alirudi Zanzibar pamoja na manowari za Kijerumani, dai lake la urithi likiwa karata mkononi mwa Bismarck, Kansela wa Ujerumani, na Barghash akakataa tena kumpokea.

Kumbukumbu zake alizianza katika miaka ya sabini, akiwaandikia watoto ambao walijua machache tu juu ya asili ya mama yao. Msomaji anayeujua ugomvi huo huona mara moja jinsi wahusika walivyogawiwa sifa. Baba ni mwadilifu karibu asiye na doa, kwa maana nasaba yake ndiyo haki pekee iliyombakia mwandishi. Majid ni mpole na mgonjwa, na huruma anayopewa ina harufu ya toba. Barghash ni mwenye tamaa na asiyesamehe. Utetezi wa Salme juu ya utumwa, ambao leo haukubaliki, nao unatokana kwa sehemu na hamu ya kuilinda nyumba ya baba mbele ya Wazungu walioidharau.

Penye ukimya ndipo panaposema zaidi. Mapenzi yake na Ruete yanapitishwa haraka, na mtoto wa kwanza, aliyezaliwa Aden na kufa akingali mchanga, hatajwi. Uchungu wa Hamburg aliuweka katika barua ndefu ambazo hakuzichapisha, zilizotoka baada ya kifo chake cha mwaka 1924, na humo hakuna tena binti wa mfalme anayejitetea bali mjane anayehesabu fedha.

Kwa hiyo anayetaka kumjua Barghash mtawala, aliyejenga Beit al-Ajaib na kuleta maji ya mabomba mjini, atafute kwingine. Juu ya Barghash kama kaka, Salme ni shahidi wa karibu sana, lakini ni shahidi mwenye kesi.